Hesabu ya Wasionunua
Mhadhara wa umma uliosomwa Kangundo



Ipo rai inayosikika toka Tala hata Machakos mjini, nayo ni kwamba mwenye duka la mtandaoni, auzaye vyondo vya katani au kahawa iliyokaangwa, hana haja ya kujitaabisha na takwimu za watembeleao tovuti yake, madhali ujumbe wa M-Pesa humjulisha kila jioni kilichoingia. Rai hii ina mvuto, kwani tangu Machi 2007 ujumbe huo umekuwa daftari la wengi wasio na karani. Illakini ni batili, na kwa idhini yenu nitautumia wasaa wangu mwingi kuibomoa.

Ujumbe wa malipo humtaja aliyenunua tu, ukamnyamazia yule aliyekuja, akatazama, akaenda zake, ilhali hao waendao zao ndio wengi. Marehemu shangazi yangu, aliyeuza vyondo sokoni Tala, hakujua kusoma, lakini alimtambua kila aliyekigeuza kiondo, akauvuta mkanda wake, akakirudisha. Na hatimaye alileta vyenye mikanda mirefu. Duka la mtandaoni halina macho hayo ila kwa takwimu.

Wenye rai hiyo hujibu kwamba takwimu zenyewe husema uongo. Kasoro zipo, wala sizifichi. Vitambazi vya mitambo ya kutafutia, yaani programu zipitiazo kurasa zenyewe, huhesabiwa kuwa watu. Mteja wa Kangundo atumiaye simu aghalabu huandikwa kuwa yuko Nairobi, kwa kuwa mawasiliano yake hupitia mitambo iliyoko huko. Na afuataye kiungo alichotumiwa kwa WhatsApp mara nyingi huingia pasipo kujulikana alikotoka. Lakini kasoro ijulikanayo hutibika: vitambazi vingi hujitaja jina, basi na vichujwe, na kila kiungo kitiwe alama yake mwishoni, ili waliotoka kundi la kanisa wasichanganyike na waliotoka kundi la chama.

Katika mashahidi wote, hakuna nimpendaye kama daftari la seva, lililokuwapo kabla chombo cha takwimu cha Google Analytics hakijatolewa mwaka 2005, na ambalo aghalabu huandikwa hata mwenye duka asipojua kuwa lipo. Mstari wake mmoja hutaja anwani ya mtandao ya aliyeomba, tarehe na saa hata sekunde, ukurasa ulioombwa, namba ya jibu na ukubwa wa kilichopelekwa. Namba 200 ni ithibati kwamba ukurasa ulipatikana. 404, kwamba haukuwapo, nayo ikikariri juu ya bidhaa mliyoiondoa, jueni ingali yatafutwa. Ukubwa nao una maana yake, kwani picha nzito humaliza bando la mteja kabla hajaiona bei. Na mkiona wengi wanaufikia ukurasa wa gharama za usafirishaji kisha wanakomea hapo, iandikeni gharama hiyo mapema, kando ya bei.

Hata hivyo hesabu ndogo isitudanganye. Wageni 40 wakitoa wanunuzi 2, hiyo ni asilimia 5. Akiongezeka mnunuzi mmoja yawa 7.5, na mwenye pupa hudhani biashara imestawi. Linganisheni mwezi kwa mwezi, maana mishahara ya mwisho wa mwezi huipotosha hesabu ya juma moja. Tena katika kuwahesabu wageni upo mpaka, kwani Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 yatutaka tusikusanye habari za mtu kupita haja.

Nimezipima hoja za pande zote, nami ningali na itikadi yangu ya kale, kwamba asiyenunua humfundisha mwenye duka zaidi ya anunuaye. Basi nawasihi, enyi wenye maduka: kila mwanzo wa mwezi lifungueni daftari la seva, mchague swali moja, mbadilishe jambo moja tu, kisha mngoje mwezi mzima kabla ya kutoa hukumu. Ujumbe wa M-Pesa utawaambia mmepata kiasi gani. Kwa nini hamkupata zaidi, hautawaambia kamwe.