Watoto Hawa Watatu Waende Wapi?

(Maneno tuliyosema mbele ya wanakisomo na wanakijiji wa Nyabusozi)



Tulikuja hapa leo kwa somo la ufugaji wa kuku. Vitabu tumevileta. Lakini tulipofika tumekuta watu wametoka matangani, na maneno ni mengine kabisa. Mwenzenu mmoja, mama wa watoto watatu, amezikwa juzi. Baba wa watoto alitangulia. Wa kwanza ana miaka 11 na anasoma. Wa pili ana miaka 7. Wa tatu ana miezi mitano, bado alikuwa ananyonya. Bibi yao yupo, lakini ni mzee, na macho yake hayaoni vizuri.

Baadhi yenu mmesema, "Hao wapelekwe kituo cha yatima. Huko watakula, watasoma, watavaa." Wengine mmenyamaza. Kisha mzee mmoja akatuuliza, "Ninyi wa elimu mnasemaje?" Basi kuku wasubiri. Tutajibu swali hilo.

Kwanza tukubaliane kwamba jambo hili si geni katika mkoa wetu wa Kagera. Mwaka 1983, katika hospitali ya Ndolage, wilaya ya Muleba, waligunduliwa wagonjwa watatu wa kwanza wa ukimwi katika Tanzania. Wakati huo watu waliuita ugonjwa huo Juliana, kwa jina la nguo za biashara zilizotoka Uganda. Wazee mnakumbuka. Katika miaka ile ya themanini na tisini kulikuwa na nyumba ambazo baba na mama wote walikwisha, wakabaki bibi na wajukuu sita au saba. Siku hizi dawa za kupunguza makali zipo, na hutolewa bure, na watu wengi wanaishi na kulea watoto wao. Lakini mauti hayana sababu moja. Uzazi unaua, malaria inaua, barabara inaua.

Sasa, je, mtoto akifiwa anapungukiwa nini? Msiseme chakula peke yake. Kati ya mwaka 1991 na 1994 wataalamu walipita katika vijiji vya mkoa huu wakaandika kaya na watoto wake. Mwaka 2004 walirudi wakawatafuta watu walewale, hata waliohama. Wakalinganisha watoto waliokuwa wamefiwa na mama na wale ambao mama zao walikuwa hai. Waliofiwa na mama walikuwa wafupi kwa karibu sentimita 2, na walikuwa wamesoma pungufu kwa mwaka mmoja hivi. Tena upungufu huo haukurudi. Mtu alikuwa mtu mzima nao.

Sentimita 2 ni kitu gani? Ni upana wa kidole. Mtu anaweza kucheka. Lakini urefu wa mtoto ni kama rula. Unatupimia vikombe vya uji ambavyo hakunywa, na siku alizougua bila mtu wa kumpeleka zahanati. Na ule mwaka mmoja wa shule ni siku alizobaki nyumbani kumtunza mgonjwa, au kulea mdogo wake mgongoni. Huyu wa miaka 11 hapa kwetu, mwalimu wake anatuambia tangu mwezi uliopita haonekani darasani. Hesabu imekwisha kuanza.

Kwa hiyo wanaosema "kituo" wana nia njema. Wanaona mtoto anapungua, wanataka mahali penye sahani na daftari. Nasi tulikuwa na mawazo hayohayo. Hebu tuwaambie. Zamani kidogo, tukiwa wapya katika kazi, tulisaidia kumpeleka mtoto mmoja kwenye makao fulani mbali na kwao. Tulifurahi sana. Alipewa kitanda na viatu. Baada ya miaka mitano alirudishwa kwao, maana umri wa kukaa pale ulikwisha. Akamwamkia bibi yake kama anavyoamkiwa mgeni wa serikali. Kishubi kilikuwa kimempotea. Kaburi la baba yake hakulijua, na mpaka wa kibanja chao hakuujua. Aliyeujua alikuwa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa amekwisha kuusogeza.

Hatusemi makao yote ni mabaya. Yapo yanayofanya kazi kubwa. Kule Ntoma, karibu na Bukoba, Kanisa la Kiinjili la Kilutheri lina makao ya watoto wachanga ambao mama zao walifariki katika uzazi. Mtoto mchanga bila maziwa ya mama, katika nyumba ambayo hakuna wa kuyanunua, anaweza kufa katika majuma machache. Makao ya namna hiyo humtunza mpaka apate nguvu, kisha hurudi kwa ndugu zake. Angalieni neno hilo: hurudi. Mtoto hakutupwa pale. Ameazimwa.

Lakini kumweka mtoto mwenye ndugu katika makao miaka na miaka ni jambo jingine. Kwanza gharama. Benki ya Dunia iliandika mwaka 1997 kwamba katika wilaya ya Karagwe, jirani zetu hapa, kumtunza yatima mmoja katika kituo kulifika kama dola 1,000 za Kimarekani kwa mwaka. Kumsaidia mtoto yuleyule akiwa katika kaya ya mlezi kulikuwa karibu moja ya sita ya fedha hizo. Maana yake fedha ya mtoto mmoja wa kituoni ingewasaidia watoto sita wakiwa vijijini. Sasa mtu mwenye moyo wa kutoa atauliza mwenyewe, nitoe wapi?

Pili, mtoto mdogo anahitaji mtu wake mmoja. Siyo walezi wanaobadilishana zamu, leo huyu, kesho yule. Katika nchi ya Romania, utawala ulipoanguka mwaka 1989, walikutwa watoto zaidi ya laki moja wamejazwa katika majumba ya serikali. Wengine walichukuliwa na familia za Uingereza, na wataalamu wakawafuatilia mpaka utu uzima. Wale waliotoka kabla ya kutimiza miezi sita walikua kama watoto wengine. Wengi wa wale waliokaa zaidi ya hapo waliendelea kuwa na matatizo ya akili na ya kuishi na watu, hata walipokuwa wamepata nyumba nzuri. Majumba yale yalikuwa mabaya mno, hatulinganishi na ya kwetu. Lakini funzo la mtu mmoja wa kumbeba mtoto linabaki palepale.

Tena nani anajua haya kuliko watu wa Ngara na Biharamulo? Mwishoni mwa Aprili 1994, watu kama robo milioni walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda katika muda wa siku moja tu. Wengi wenu mliwaona, na wengine mliwauzia ndizi pale Benaco. Kati yao walikuwamo watoto waliokuja peke yao, wametenganishwa na wazazi njiani au wamewapoteza. Mashirika yalijifunza jambo kubwa wakati ule. Kule Goma, upande wa Kongo, vilifunguliwa vituo vingi vya watoto. Ikaonekana kwamba baadhi ya wazazi wenye njaa waliwaacha watoto wao mlangoni, kwa sababu ndani kulikuwa na chakula. Kituo kikawa kinatengeneza yatima! Njia iliyokuwa bora ni kumweka mtoto kwa majirani wanaomjua, watu wa mlima mmoja na kwao, huku picha yake ikibandikwa ukutani ili ndugu zake wapate kumtambua. Hivyo ndivyo watoto wengi walivyopata tena watu wao.

Turudi hapa kwetu. Sheria inasemaje? Tunayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009. Mtoto ni mtu yeyote ambaye hajafika miaka 18. Sheria hiyo inazungumza juu ya njia kadhaa za kumlea mtoto asiye na wazazi, na tunataka mzitofautishe, maana watu huzichanganya.

Iko njia ya ndugu kuchukua mtoto. Hiyo ndiyo yetu ya siku zote. Iko ya malezi ya kambo, yaani mtu ambaye si mzazi anakabidhiwa mtoto amlee, kwa kupitia Afisa Ustawi wa Jamii wa wilaya, na afisa huyo anafuatilia. Iko ya makao ya watoto, na makao hayo lazima yawe na leseni. Mtu asije akajenga vyumba viwili, akaandika kibao, akakusanya watoto wa watu.

Halafu kuna kuasili. Kuasili siyo kumchukua mtoto akakuchungie mbuzi. Siyo kumpeleka mjini akawe mtumishi wa ndani. Kuasili ni amri ya mahakama. Mtoto anakuwa mtoto wako kama uliyemzaa, anapata haki za mtoto, na kamba ya kisheria kati yake na wazazi wa kwanza inakatwa. Mwombaji ambaye si ndugu awe na miaka 25 au zaidi, na amzidi mtoto kwa miaka 21 au zaidi. Afisa Ustawi anachunguza nyumba yake. Hakuna kulipana fedha. Mtu akija hapa na gari, akasema, "Nipeni mtoto, mimi nitampa bibi kitu kidogo," huyo si wa kuasili. Huyo apelekwe kwa Mtendaji wa Kijiji siku hiyohiyo. Iko pia simu ya watoto, namba 116, haina malipo.

Je, watoto wetu watatu waasiliwe? Sisi tunaona hapana. Wana bibi, wana mjomba, wana shangazi. Hakuna sababu ya kukata kamba ambayo bado ina watu wa kuishika. Kuasili kunafaa kwa mtoto aliyetupwa, asiyejulikana ukoo wake, na watu wasio na mtoto wangemfurahia. Wapo watu wa namna hiyo hata katika kata hii, na hawajui kwamba mlango upo.

Huyu wa miezi mitano ndiye aliyetupa taabu kichwani. Tumesema na muuguzi wa zahanati. Anasema uji mtupu hautoshi, na maziwa ya ng'ombe asipewe kwa kukisia. Aletwe kliniki kesho asubuhi, apimwe uzito, na mlezi afundishwe maziwa gani na kwa kipimo gani. Kama yuko mama hapa anayenyonyesha na yuko tayari kumsaidia, tunamshukuru, lakini apime damu kwanza. Ikishindikana kabisa, ndipo tuzungumze na Ustawi juu ya makao ya wachanga, kwa muda, na jina la atakayemfuata liandikwe tangu sasa. Asiende kabla ya jina hilo kuandikwa.

Hawa wawili wakubwa wasitenganishwe. Shule za msingi hazina ada, na tangu mwaka 2016 sekondari mpaka kidato cha nne haina ada. Kinachobaki ni sare, daftari na chakula cha mchana. Bibi peke yake hatayaweza. Kule Nshamba, wilaya ya Muleba, tangu mwaka 2003 mpango unaoitwa Kwa Wazee umekuwa ukiwapa wazee, wengi wao mabibi wanaolea wajukuu, fedha kidogo kila mwezi. Fedha ile walinunua chumvi, sabuni na viatu vya watoto wa shule. Sisi hapa hatuna mpango huo. Lakini kikundi cha akina mama wa kisomo kimesema kitalima shamba la bibi siku mbili kila mwezi, na TASAF wakija kuandikisha kaya, jina lake lisirukwe.

Sasa lile lililonyamaziwa. Tutalisema, wala hatumtaji mtu. Watoto wakienda kituo, kibanja kinabaki na nani? Tumesikia pale nyuma sauti ikisema, "Nitakitunza." Vizuri. Lakini sheria ileile ya mwaka 2009 inakataza mtu kumnyima mtoto kufaidi mali ya mzazi wake. Mali ya marehemu si ya anayewahi kuamka. Ukoo ukae kikao, uchague msimamizi wa mirathi, uandike muhtasari. Cheti cha kifo kitafutwe. Msimamizi aende Mahakama ya Mwanzo, athibitishwe. Naye siyo mwenye mali, ni mtunzaji, na atatoa hesabu.

Mtu anasema, "Hayo ni ya watu wa mjini." Hapana, ndugu yetu. Ni ya watu wanaojua kuandika, na darasa hili limehitimu. Basi tufanye zoezi sasa hivi. Bibi akae hapa mbele, na mjukuu mkubwa akae karibu yake, maana anakumbuka. Kila mwenye kalamu aandike, tupate nakala nyingi. Moja itabaki kwa Mtendaji, moja kwa mwalimu mkuu, moja kwa bibi.

Andikeni tarehe juu. Andikeni: Mali iliyoachwa na marehemu. Mstari wa kwanza: kibanja cha migomba na kahawa. Bibi, mpaka wa upande wa mto unaanzia wapi?