Makaburi ya Mahame: Hotuba kwa Wanachama



Halmashauri imetutaka tuseme machache juu ya kuhifadhi habari za jamaa zetu wa shamba. Twajua ya kuwa wengi walitazamia habari za mishahara na likizo, watuwie radhi. Lakini karani ni mtu wa daftari, nasi twataka kusema juu ya watu wasiomo katika daftari yo yote.

Asili yetu ni Mabwerebwere, Wilaya ya Kilosa. Tulipokuwa watoto, katika miaka ya 1990, bibi mzaa mama alikuwa akituchukua kila mwaka, mvua za vuli zikikaribia, kwenda kupalilia makaburi ya mahame. Huko ndiko walikokaa wazee kabla ya watu kuhamishiwa katika vijiji. Maana Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kukaa vijijini ni amri, na katika miaka iliyofuata watu wengi wa nchi hii waliacha nyuma nyumba, mashamba na maiti wao. Nyumba zilikuwa zimekwisha anguka. Iliyobaki ilikuwa miembe, na mawe, na vyungu vilivyotobolewa. Bibi alionyesha kwa mpini wa jembe, akisema, “Huyu kaka yangu. Huyu ndiye aliyemlea mama. Huyu mgeni, mtu wa mkonge.” Nasi tuliitikia, “Ndiyo, bibi,” huku macho yetu yapo juu mwembeni.

Bibi alifariki mwaka 2009. Tuliporudi na daftari mwaka 2016, mwembe ule ulikuwa umekatwa kwa mkaa, na mahame yamelimwa ufuta. Tulihesabu matuta kumi na moja. Majina tuliyoweza kuyaandika yalikuwa manne.

Labda mtu atauliza, Serikali haikuandika? Sheria ya kuandikisha vizazi na vifo ilitungwa mwaka 1920, lakini kwa miaka mingi Mwafrika wa shamba hakulazimishwa kuandikishwa. Wamisioni waliandika zaidi: ubatizo, ndoa na maziko, na CMS walikuwa na kituo Mamboya tangu miaka ya 1880. Ila daftari zao ni za waumini wao tu, na kaburi la Mwislamu wa shamba mara nyingi halina maandishi, wala la mtu wa dini ya wazee.

Tena kuna jambo linalotuhusu sisi makarani hasa. Wakaguru, Wasagara na Waluguru huhesabu ukoo kwa mama. Bwana T. O. Beidelman, Mmarekani aliyekwenda kukaa Ukaguru mwaka 1957, aliandika mengi juu ya hayo, na pia juu ya desturi ya kusafisha makaburi na kuwatambikia wazee. Lakini fomu zetu humtambulisha mtu kwa jina la baba na la babu. Jina la mama huulizwa, ukoo wake hauulizwi. Kwa hiyo mtu akifuata makaratasi peke yake, atapotea njia katika kizazi cha pili. Sisi wenyewe tumejaza fomu nyingi namna hii, wala hatukuona kasoro. Na tuungame zaidi: mzee asiyejua mwaka wake, tumemwandikia tarehe mosi Januari na mwaka tuliokisia, mzee akashukuru akaenda zake.

Yule mtu wa mkonge twamfikiri sana. Mashamba ya Kimamba na Kilosa yalivuta watu kutoka mbali, na tangu 1944 wenye mashamba walikuwa na ofisi yao, SILABU, ya kuwaandika kazi. Waliitwa manamba, maana kila mmoja alikuwa na namba yake. Basi mtu huyu alikuwa na namba katika kitabu cha tajiri, lakini juu ya kaburi lake hana hata jina. Wapagazi wa vita vya 1914–1918 nao ni hivyo; Waingereza waliingia Kilosa Agosti 1916, na mizigo ilikuwa vichwani mwa Waafrika. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa.

Pia yafaa kujua Sheria ya Kuhamisha Makaburi ya 1969. Serikali ikitaka ardhi kwa manufaa ya umma, yaweza kuyahamisha, na sheria hiyo yataja hata gharama za matambiko. Lakini anayesikilizwa ni jamaa wa marehemu. Reli mpya imepita Kilosa, na treni zake zilianza kwenda Dodoma mwaka 2024. Siku mpimaji anapokuja na vigingi, asiyejua kaburi ni la nani atasema nini?

Likizo ijayo, basi, mwanachama achukue karatasi na mzee mmoja, waende pamoja mpaka makaburini. Mzee akikaa barazani husahau, akisimama pale hukumbuka. Aandike jina, ukoo wa mama, nani aliyesimulia, na hatua ngapi kutoka kijito au jabali, wala si kutoka mti. Mwaka ukikosekana, aulize: kabla ya kuhamia kijijini au baada? Kabla ya Uhuru? Asikisie. Nakala moja ibaki kwa jamaa kijijini.

Karatasi yetu sisi ina mistari kumi na moja. Sita ni mitupu. Wa tano umeandikwa: “Mgeni. Mtu wa mkonge. Alizikwa na watu wa nyumba yetu. Alisimulia bibi.”