Mtoto Asiyeonekana Hachaguliwi
(Hotuba ya Karani wa Chama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Nashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusema nanyi juu ya jambo ambalo wazazi wengi wameniuliza: makocha wa vyuo vya Marekani wanapotazama vijana katika mashindano, je, huchaguliwa aliye bora, au aliyeonekana?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa mkimbiaji maneno hayo ni kweli, kwa kuwa saa ni shahidi wake. Henry Rono, alipokuwa mwanafunzi wa Washington State University, alivunja rekodi nne za dunia katika muda wa siku 81 mwaka 1978. Hakuhitaji mtu wa kumsemea. Lakini mchezaji wa timu hana shahidi ila macho ya watu. Katika mpira wa kikapu timu yaweza kuwa na wachezaji 12, nao watano tu ndio wanaokuwa uwanjani. Huko Marekani mashindano ya namna hii huchezwa katika viwanja vingi kwa wakati mmoja, naye kocha hukaa kidogo hapa na kidogo pale, orodha ya majina mkononi, akiandika namba za fulana. Kijana akiwa benchini wakati huo, au akipangwa mahali pasipo pake, amepita kama kivuli.

Niruhusuni niungame kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita niliitwa kuandika orodha katika mashindano ya vijana yaliyohudhuriwa na kocha mgeni. Asubuhi fulana ya kijana mmoja ilichanika, akapewa ya mwenzake, namba 9. Nami, kwa kuwa orodha yangu ilikuwa imekwisha kupigwa chapa vizuri, niliiacha vivyo hivyo. Kijana yule alicheza kwa ustadi mkubwa. Baadaye barua ya mgeni ilifika, ikiwa na jina la yule aliyeketi benchini siku nzima. Alikuja nayo ofisini kwangu, akasema, "Bwana Karani, barua hii si yangu. Mimi sikucheza." Siku ile ile nilimwandikia mgeni. Alijibu kwa adabu kwamba nafasi zimekwisha kujaa.

Tangu hapo nimejua kwamba haki haikai katika kipenga cha refa peke yake. Hukaa katika kalamu ya karani pia. Kwa hiyo naomba mashindano yetu yafuate mambo matatu. Kwanza, orodha ilinganishwe na fulana kabla ya kila mchezo. Pili, kila kijana apewe muda wa kutosha mahali pake, wala mtoto wa mjumbe wa kamati asimpokonye mwenzake dakika zake. Tatu, ada isimfungie mlango mtoto wa maskini.

Nanyi wazazi, msiuze ng'ombe kwa ahadi ya mdomo. Vyuo vya daraja la tatu la chama cha NCAA havitoi fedha kwa ajili ya michezo, na vile vya daraja la kwanza hudai masomo 16 ya msingi ya sekondari. Miguu humfanya kijana aonekane. Daftari ndilo humpitisha mlangoni.

Yule kijana wa benchi alirudisha kisicho chake. Sisi wazee wake tusishindwe na mtoto kwa uaminifu.