Utawala ni Kazi, Si Kiti



Neno utawala limezoeleka masikioni kwa maana ya ukubwa: kiti, mhuri na watu wanaosubiri nje ya mlango. Maana hiyo ni potofu. Utawala ni kazi, na sehemu zake zinajulikana. Mwaka 1916 Mfaransa Henri Fayol, mhandisi aliyeongoza kampuni ya migodi kwa miaka mingi, alizitaja tano: kupanga, kuunda chombo cha kazi, kuamuru, kuratibu na kudhibiti. Wataalamu waliomfuata huzitaja zaidi kuwa nne: kupanga, kuunda, kuongoza na kudhibiti. Kuzikariri si vigumu. Linalosahaulika ni kwamba zikitenganishwa hazizai matunda.

Historia ya Tanzania inao mfano ulio wazi. Novemba 1974, katika Azimio la Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU iliamua kuwa elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe mwaka 1977, badala ya 1989 kama ilivyokusudiwa awali. Huko ndiko kupanga. Palikuwa na shabaha, palikuwa na muda, na kila mwananchi aliweza kuvitaja.

Lakini mpango haufundishi darasa. Vyuo vya ualimu visingeweza kutoa walimu wote waliohitajika kwa muda mfupi hivyo. Kwa hiyo chombo kipya kiliundwa: vijana waliomaliza darasa la saba walichaguliwa, wakawa wanafundisha shuleni huku wakijifunza ualimu kwa masomo ya posta na redio, chini ya wakufunzi waliowatembelea. Kuunda, basi, si kuchora ramani ya vyeo na kuitundika ukutani. Ni kumpa kila mtu kazi anayoielewa, mamlaka yanayolingana nayo, na zana za kuitendea.

Kuongoza nako kulionekana. Wananchi walifyatua matofali na kujenga madarasa kwa mikono yao, maana shabaha ilikuwa yao pia. Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 ulikuwa umekwisha kukemea majivuno, dharau na uonevu wa viongozi. Mtu anayeamrishwa tu hufanya kazi mradi siku ipite. Anayeelezwa na kusikilizwa huifanya hata msimamizi asipokuwapo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 wanafunzi wa shule za msingi walizidi milioni 3. Hayo yalikuwa mafanikio makubwa. Hata hivyo, vitabu, madawati na nyumba za walimu havikuongezeka kwa kasi ile ile. Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979 na kupanda kwa bei ya mafuta viliifilisi hazina, na baadaye uandikishaji wenyewe ukashuka. Shida za uchumi zilikuwa kweli, lakini lipo funzo la utawala ambalo halipaswi kufichwa nyuma yake: ni rahisi kuhesabu majina daftarini kuliko kupima kilichoingia vichwani.

Hapo ndipo kazi ya nne, kudhibiti, inapoonekana thamani yake. Kudhibiti si kumvizia mtu akosee ili aadhibiwe. Ni kulinganisha lililofanyika na lililopangwa, kisha kurekebisha mapema. Mwalimu mkuu akiandika kwamba wanafunzi watano wanatumia kitabu kimoja, na taarifa hiyo ikapigwa mhuri na kuwekwa jaladani, ofisi imetunza karatasi; haijatawala. Mtoto anayemaliza shule bila kujua kusoma hawezi kurudishiwa miaka yake kwa waraka wa kusikitika.

Basi kila mwenye dhamana, kuanzia kiranja wa darasa hadi mkuu wa idara, afungue jalada lililolala mezani pake na kuuliza: tatizo hili liliripotiwa lini, na ni nani aliyepewa kazi ya kuliondoa? Jibu la swali hilo ndilo kipimo cha utawala wake.