Haba na Haba

Wako waliokusudia kupunguza unene kwa kujinyima chakula kabisa. Siku ya nne njaa ikawashinda, na uzito ukarudi. Wewe anza kwa machache. Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima afanye mazoezi, kama kutembea kwa haraka, walau dakika 150 kwa juma: yaani nusu saa, siku 5. Sahanini, mboga na maharagwe vizidi ugali. Sukari ya chai ipungue kijiko baada ya kijiko. Mwenye kilo 90 akipunguza 5 tu, presha yake yaweza kushuka. Mwili ni amana. Tuutunze leo, watoto wetu wasije wakatuuguza kabla ya wakati.