Uharibifu wa Ndege Usiogunduliwa Kabla ya Kuruka: Funzo kwa Viwanja Vidogo vya Homa Bay na Migori

1. Utangulizi

Mada hii inachunguza kwa nini uharibifu wa ndege hupita bila kugunduliwa katika ukaguzi wa kabla ya kuruka, yaani mzunguko ambao rubani huufanya kwa miguu akiangalia mabawa, injini, matairi, breki na kiwiliwili cha ndege. Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Usafiri wa Anga wa Kimataifa kinamtaka rubani mkuu asianze safari mpaka ajiridhishe kwamba ndege inafaa kuruka. Sharti hilo huwa zito zaidi katika viwanja vidogo kama Kabunde, Homa Bay, na Lichota, Migori, vilivyo mbali na karakana za Nairobi, kwa kuwa baina ya kutua na kuruka tena jicho la rubani ndilo aghalabu tegemeo la mwisho.

2. Matukio yenye mafunzo

Nchini Kenya, tarehe 28 Oktoba 2019, ndege aina ya Dash 8 ilidondosha gurudumu ilipokuwa ikiondoka Lodwar, ikaelekezwa Eldoret na kutua salama. Tukio hilo linakumbusha kwamba hitilafu inaweza kujidhihirisha mahali ambapo hakuna karakana wala kikosi cha mafundi.

Nchini Peru, tarehe 2 Oktoba 1996, watu wote 70 waliokuwamo katika Boeing 757 walifariki baada ya matundu ya hewa tuli, ambayo hupima shinikizo la hewa ili rubani ajue kimo na mwendo wa ndege, kuachwa yamezibwa kwa utepe uliobandikwa wakati wa kuisafisha. Ndege ilikaguliwa usiku, na utepe huo, ambao rangi yake ilikaribiana na ya kiwiliwili, haukuonekana.

Nchini Marekani, tarehe 26 Desemba 2005, ndege ya MD-83 iliyoondoka Seattle ilipasuka ubavuni ikiwa kwenye kimo cha futi 26,000 hivi, ikarudi na kutua salama. Ilibainika kwamba mhudumu wa mizigo alikuwa ameigonga kwa gari uwanjani naye hakuripoti.

3. Chanzo cha kutoonekana

Matukio ya Peru na Marekani yanaonyesha kwamba tatizo si uzembe wa rubani peke yake. Jicho lililozoea kuikuta ndege ikiwa nzima kila siku huelekea kuona linachokitarajia, hasa gizani, mvua inaponyesha au ratiba inapochelewa. Na pigo lililofichwa na aliyelisababisha huweza kuacha bonde dogo tu ambalo hulegea na kupasuka pale tofauti kati ya shinikizo la ndani na la nje inapoongezeka angani.

Mazingira ya ziwa nayo yana hatari zake. Korongo hufuata mabaki ya samaki na omena zinazoanikwa ufuoni, na ndege wa aina hiyo akigonga bawa anaweza kuacha alama hafifu. Nyigu wanaojenga kwa udongo huweza kuziba mrija wa kupimia mwendo, ambao tundu lake ni jembamba kama la kalamu, iwapo ndege italala bila mfuniko. Na pale njia ya kurukia ilipo ya murram, kokoto zinazorushwa na matairi hukwaruza ncha za propela, mahali ambapo ufa mdogo hauna budi kupekuliwa kwa kidole pamoja na jicho.

4. Mapendekezo

Kwanza, mashirika yalinde muda wa ukaguzi, ili ucheleweshaji wa abiria usifidiwe kwa kufupisha mzunguko huo. Pili, mifuniko na tepe zote zihesabiwe na kusainiwa zinapowekwa na zinapotolewa, ziwe na rangi kali na mikia mirefu. Tatu, wapakizi, walinzi na waongezaji mafuta wa Kabunde na Lichota wafundishwe kutambua dalili za uharibifu, na anayekiri kuigusa ndege kwa bahati mbaya alindwe dhidi ya kufukuzwa kazi, kwani adhabu hiyo ndiyo hufundisha watu kunyamaza. Nne, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya ijumuishe viwanja vidogo katika ziara zake za ukaguzi, ikisikiliza pia maelezo ya wahudumu wa chini. Rubani anayezunguka ndege yake anastahili kusaidiwa na kila aliyeigusa kabla yake, na wajibu huo wa pamoja ndio utakaowapa usalama abiria wanaosafiri kutoka kando ya ziwa.