Neno kwa Watungao Sheria

Sheria hutungwa mjini, lakini uzito wake huangukia nyumbani. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilimruhusu binti wa miaka 15 kuozwa kwa idhini ya wazazi, naye mvulana alingoja hata atimize 18. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Tanzania iliamua kwamba jambo hilo ni kinyume cha Katiba. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikathibitisha. Basi, tusinung'unike faraghani. Mbunge ajapo, mwalimu amwonyeshe dawati lililobaki tupu, na mama amweleze sababu yake. Asiyeambiwa atajuaje? Mungu awape wao hekima, nasi atujalie ujasiri wa kunena. Amina.